Je, wajua kwa nini hatua kumi za asilimia 90 hazizai kazi ya asilimia 90?

Chukua kazi yenye hatua kumi. Kila hatua ina uwezekano wa asilimia 90 wa kufanyika sawasawa. Je, kazi nzima ina uwezekano gani wa kutoka bila dosari?

Kwa miaka mingi ningekujibu bila kusita: asilimia 90. Jibu sahihi ni asilimia 35 hivi. Nilipolisoma mara ya kwanza nilidhani ni kosa la uchapaji, nikatoa simu na kuanza kubonyeza 0.9 mara 0.9. Hatua ya pili ikasoma 0.81, ya tano 0.59, ya kumi 0.35. Nikafuta, nikarudia. Kikokotoo hakikubembelezeka.

Kosa langu ni la wengi, na nadhani tunalianzia shuleni, tunakolelewa kwa wastani. Ukipata 95 katika somo moja na 45 katika jingine, unatoka na 70. Alama nzuri imeibeba mbaya. Tunakua na hesabu hiyo kichwani, tukishika kazi au biashara tunaendelea nayo. Hapo "bora liende" inaonekana hata ya busara: nimelipua kipande kimoja kati ya kumi, basi nimepoteza sehemu moja ya kumi, si haba. Tatizo ni kwamba ziko kazi ambazo sehemu zake hazijumlishwi, zinazidishwa. Na kwenye kuzidisha, sifuri moja inameza namba zote zilizotangulia.

Tazama begi. Kitambaa kigumu, uzi imara, mishono iliyonyooka, mikanda isiyokata bega, na zipu ya kulipua. Kwa wastani ni begi zuri sana, maana sehemu nne kati ya tano hazina kasoro. Lakini siku kichwa cha zipu kitakapochomoka upande mmoja na kuacha meno wazi nyuma yake, hutabaki na asilimia 80 ya begi. Utabaki na kitambaa chenye mikanda. Na angalia jambo la ajabu zaidi: aliyeshona ile mishono amepoteza thamani ya kazi yake yote bila kukosea chochote. Zipu haikujiharibu peke yake. Imeshusha bei ya uzi.

Mwaka 1993 mchumi Michael Kremer, aliyekuja kuwa mmoja wa washindi watatu wa Nobeli ya uchumi ya 2019, aliijenga hesabu hii kuwa nadharia na kuipa jina la pete ya mpira. Jina linatokana na chombo cha anga Challenger, kilichosambaratika angani karibu na pwani ya Florida, Marekani, tarehe 28 Januari 1986, sekunde 73 baada ya kuruka, na wote saba waliokuwamo wakafa. Mtambo mzima ulishindwa penye pete za mpira zilizoziba kiungo cha roketi ya pembeni. Mwanafizikia Richard Feynman, mjumbe wa tume ya uchunguzi, alikibana kipande cha mpira huo kwa kibanio kidogo, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu mbele ya kamera. Alipokifungua, mpira haukurudi upesi katika umbo lake. Tuitendee pete haki, hata hivyo: wahandisi walikuwa wameonya kuhusu baridi usiku uliotangulia, na uamuzi wa kurusha ukapita. Kiungo kibovu kilikuwa pia mezani.

Kutoka hapo nadharia inazaa tokeo nisilolitarajia. Tuseme kuna hodari wawili wa asilimia 90 na wawili wa asilimia 50, na kazi inahitaji watu wawiliwawili. Ukiwachanganya, kila jozi ina uwezekano wa 0.45 wa kukamilisha kazi yake, yaani kwa jumla unatarajia kazi 0.90. Ukiwaweka hodari pamoja unapata 0.81, na wale wengine 0.25, jumla 1.06. Ndiyo maana hodari hutafutana, na ndiyo maana kampuni makini huchagua sana hata inapoajiri wa kazi ndogo. Hiki ni kielelezo tu. Tofauti za mishahara na za utajiri zina mizizi mingine pia, mtaji na sheria zikiwamo.

Tena si kila kitu kinazidishwa. Ukimsaidia rafiki kuhama nyumba na ukawa mvivu, yanapungua maboksi machache uliyopaswa kubeba wewe. Lakini kama wewe ndiye uliyekabidhiwa funguo na ukachelewa saa mbili, wenye nguvu wote wamekaa juu ya maboksi wakikusubiri. Uvivu ni uleule, umebadilika mahali tu. Kwa hiyo kutaka ukamilifu kila pahali ni uchovu usio na malipo. Maboksi yanavumilia mengi ambayo funguo hazivumilii.

Wahandisi wana njia ya kuukwepa mtego huu: kuweka akiba. Vitu viwili vya asilimia 90, kila kimoja kikiweza kufanya kazi bila mwenzake, vinakupa asilimia 99, maana sasa kinachozidishwa ni uwezekano wa kuharibika, 0.1 mara 0.1. Sharti visiharibiwe na sababu ileile. Begi langu la sasa lina zipu yenye vichwa viwili. Kimoja kimeshaanza kulegea.