Ucheleweshaji wa aina tatu: maana yake kwa mama wa visiwani

Kaa kwenye benchi la kliniki yoyote ya Ukerewe, visiwani Ziwa Victoria, neno hili utalisikia: "Alichelewa." Mtoto amefia tumboni, au mama mwenyewe hakurudi nyumbani, na maelezo yanaishia hapo. Alichelewa, kana kwamba alikuwa amelala.

Wanaofuatilia afya ya uzazi hulipasua neno hilo vipande vitatu: kuchelewa kuamua kwenda kituoni, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukiwa umeshafika. Mgawanyo huu waliuandika Sereen Thaddeus na Deborah Maine mwaka 1994, na hadi leo unatumika vifo vya wazazi vinapojadiliwa.

Kuchelewa kwa kwanza ni kwa nyumbani. Kipindi cha giza wavuvi wa dagaa hukesha ziwani na taa zao. Simu ya baba haipatikani, hela anayo yeye, mama mkwe anasema tusubiri kupambazuke, uchungu wa mimba ya kwanza ni mrefu. Mabango ya "wahi kliniki" yanalenga hapa. Kwa maoni yangu tunalisema hili kupita kiasi, maana kumlaumu mama hakugharimu bajeti ya mtu. Tena kusita huko kuna sababu: anayejua kwamba akifika ataagizwa glavu, pamba, nyembe na mpira wa kulalia atapata wapi haraka?

La pili ni njia. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inataka wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano watibiwe bure. Petroli ya boti haimo. Mama wa Nyamagana, mjini Mwanza, anapanda bajaji mpaka hospitali ya Bugando. Wa kisiwa cha Ukara anangoja ziwa litulie kwanza. Zipo hatua zilizochukuliwa. Mfumo wa m-mama, uliojaribiwa mwanzoni Sengerema na Shinyanga, unapokea simu ya bure kwa namba 115, na gari la wagonjwa likikosekana anatafutwa dereva wa mtaani ambaye malipo yake hayatoki mfukoni mwa mgonjwa. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limewaondolea watu wa Sengerema foleni ya kivuko. Wa visiwani bado wako majini.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu hapo mama ameshafanya yote aliyoambiwa. Amefika, amejifungua, damu haikatiki. Kutoka damu kwa wingi baada ya kujifungua kunaweza kuua ndani ya saa chache tu. Dawa ya kukaza mji wa mimba, oksitosini, inatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Betri ya sola ikifa, friji inakuwa kabati. Kichupa kimo, lebo yake safi, muuguzi wa zamu anachoma sindano ambayo nguvu yake imeshapungua kwa joto, na yuko peke yake usiku huo. Kitanda cha pili kuna kichanga ambacho hakijalia, kinachohitaji kupumulishwa ndani ya dakika ya kwanza. Aanze na nani?

Kitaifa vifo vya wazazi vimeshuka: utafiti wa 2015/16 ulikadiria 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Ni hatua kubwa. Lakini huo ni wastani wa nchi nzima, Dar es Salaam na kisiwa cha Irugwa humo humo.

Faida ya kugawanya ni kwamba kila kuchelewa kuna mlango wake wa kugonga. Mashirika huita kazi hiyo uchechemuzi. Mtaani tunasema kufuatilia. La nyumbani ni la ukoo na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. La njia linahusu halmashauri na wizara. La tatu linaanzia kwenye kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo ina wajumbe kutoka kwa wananchi, kisha diwani, kisha mpango wa bajeti unaoandaliwa miezi kadhaa kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Ukija na hoja yako Agosti, fedha zimeshagawanywa.

Kwa hiyo mkutano wa kijiji ukiitishwa, swali liwe fupi: friji ya wodi ya wazazi ilizima lini, nani aliambiwa, na betri mpya imewekwa kwenye fungu gani?