Je, wajua kwa nini basi la mji mdogo wa Japani hukudai nauli unaposhuka?

Tono ni mji mdogo uliozungukwa na milima katika mkoa wa Iwate, kaskazini mwa kisiwa cha Honshu. Mgeni anayepanda basi katika miji ya namna hii hukutana na jambo geni mapema sana. Mlango anaofunguliwa ni wa katikati au wa nyuma, hakuna anayemdai chochote, na dereva yuko mbele ameshika usukani. Basi linaondoka. Nauli italipwa mwisho wa safari, kwenye mlango wa mbele, abiria mmoja baada ya mwingine.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba Wajapani wanaaminiana: panda kwanza, utalipa ukifika. Ni jibu linalopendeza na limesambaa kweli kweli, lakini halielezi mambo yanayoonekana ndani ya basi hilo hilo. Ukitazama vizuri utaona kwamba mlango wa kushukia ni mmoja tu, nao uko ubavuni kwa dereva, kwa hiyo hakuna anayetoka bila kupita mbele ya sanduku la nauli. Utaona pia kwamba abiria asiyeweza kuonyesha alipandia wapi hutozwa nauli ya kuanzia mwanzo wa njia, yaani kubwa kuliko zote. Utaratibu unaotegemea uaminifu peke yake usingehitaji hayo.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko Tokyo kwenyewe. Mabasi ya katikati ya jiji hupandwa kwa mlango wa mbele, unalipa kwanza, kisha unashukia mlango wa katikati. Wajapani ni wale wale. Kilichobadilika ni nauli: katikati ya Tokyo ni moja kwa safari yoyote, fupi au ndefu, kwa hiyo inajulikana tangu unapoingia. Vijijini njia ni ndefu na nauli hupanda kadiri unavyosafiri, hivyo kiasi kamili hujulikana unapofika. Kwa haki lazima isemwe kwamba kanuni hii ina mapengo. Mabasi ya jiji la Kyoto hutoza nauli moja katika eneo kubwa la jiji, na bado njia nyingi hupandwa nyuma na kulipwa mbele. Kila kampuni ina desturi zake. Lakini kwa basi la mji mdogo, umbali ndio unaoamua.

Zamani kazi ya kutoza nauli ilifanywa na makonda, wengi wao wanawake. Mwaka 1951 jiji la Osaka lilianza kuendesha mabasi yenye dereva peke yake, na mtindo huo ukaenea nchi nzima, baadaye hata kwenye reli ndogo. Leo karibu nusu ya stesheni zote za Japani hazina mhudumu.

Sasa fikiria basi la Dar es Salaam kwenda Morogoro. Konda hakumbuki sura tu. Anakumbuka kwamba huyu alipandia Mlandizi na yule Chalinze, na wakishuka anajua nani anadaiwa kiasi gani. Mwondoe konda, umwache dereva anayetazama barabara. Nani atakumbuka? Japani waliichukua kumbukumbu ya konda wakaiweka kwenye kikaratasi, kisha wakampa abiria akishike mwenyewe.

Kikaratasi hicho huitwa seiriken. Hutoka kwenye kimashine kidogo kilicho ndani tu ya mlango wa kupandia, na kina namba. Tuseme umepandia kituo cha tano ukapewa namba 4. Usishtuke kwamba namba hazilingani, kwa sababu vituo viwili au vitatu vinavyokaribiana vinaweza kuwa na namba moja. Inua macho mbele, juu ya kioo cha dereva. Kuna ubao wenye visanduku, kila kimoja na namba yake, na chini ya namba kuna kiasi cha yeni. Sasa hivi chini ya 4 pameandikwa 170. Basi linapita vituo viwili, bado 170. Cha tatu inakuwa 230, na kabla ya kituo chako inasomeka 330. Hiyo ndiyo nauli yako. Aliyekaa kiti cha pili akiwa na namba 7 anadaiwa pungufu, na ubao unawahesabia wote kwa wakati mmoja bila dereva kusema neno.

Kisanduku cha kwanza mara nyingi hakina namba, kimeandikwa 券なし, yaani asiye na karatasi. Hapo ndipo uzuri wa mpango huu ulipo. Kwenye njia nyingi kituo cha kwanza hakitoi karatasi, kwa hiyo asiye nayo huhesabiwa kuwa ametoka mwanzo. Aliyesahau kuichukua, au aliyeipoteza njiani, huangukia kisanduku hicho hicho. Hakuna anayehitaji kubishana naye. Dereva anaweza kukusaidia ukimtajia kituo ulichopandia, lakini usiitegemee huruma hiyo. Vuta karatasi kabla hujatafuta kiti.

Kushuka nako kuna mpangilio wake. Kituo chako kikitajwa, bofya kitufe kilicho karibu na kiti. Baki umekaa mpaka basi lisimame kabisa, kwani madereva hulisisitiza hili. Kisha nenda mbele, tumbukiza karatasi pamoja na sarafu kamili kwenye sanduku. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 hulipa nusu, na nusu hiyo hupandishwa hadi makumi: nauli ya 330 humfanya mtoto alipe 170.

Tatizo kubwa ni chenji. Masanduku mengi hayarudishi chenji. Ukitumbukiza sarafu ya yeni 500 kwa nauli ya 330, yeni 170 zimekwenda. Karibu na tundu la nauli kuna tundu jingine la kuvunjia pesa, lenye alama 両替. Weka hapo noti ya yeni 1,000 au sarafu ya 500, nawe utarudishiwa thamani ile ile kwa sarafu za 100, 50 na 10. Mashine haijakata kitu. Sasa hesabu nauli yako, ndipo uitumbukize kwenye tundu la nauli. Wageni wengi hudhani mashine imeshachukua chake, wakashuka, na dereva akalazimika kuwaita. Vunja pesa mapema basi likiwa limesimama, si wakati foleni ya kushuka iko nyuma yako.

Noti za 5,000 na 10,000 kwa kawaida hazipokelewi, na ATM hupenda kutoa hizo za 10,000. Nunua maji au mkate dukani stesheni ili upate noti ndogo. Jambo jingine ni umri wa mashine. Sarafu mpya ya 500, yenye rangi mbili, ilitoka Novemba 2021, na noti mpya zilitoka Julai 2024. Kampuni ndogo hazikuweza kubadili mashine zote mara moja, kwa hiyo kuna mabasi yaliyoendelea kuzikataa. Sarafu tano au sita za 100 na chache za 10 mfukoni huondoa usumbufu wote huo.

Treni za vijijini hufuata akili ile ile, ila zina mtego wake. Reli ya Kamaishi ina urefu wa kilomita 90 hivi kutoka Hanamaki hadi Kamaishi pwani, na Tono iko karibu na katikati. Anayetoka Tokyo huiunganisha Shin-Hanamaki, kituo cha treni ya kasi. Usibabaishwe na majina mawili kwenye mabango: kila stesheni ya reli hii imepewa jina la utani la Kiesperanto, lugha ya kubuniwa, kwa heshima ya mwandishi Miyazawa Kenji, mzaliwa wa Hanamaki aliyeipenda lugha hiyo. Tono huitwa Folkloro. Ni jambo la kufurahisha sana kulikuta milimani, lakini kwenye ratiba tafuta jina la Kijapani.

Tuseme unataka kushuka Miyamori, kabla ya Tono, ukatazame daraja la reli lenye matao matano. Stesheni hiyo haina mhudumu. Treni ikiwa na dereva peke yake, katika stesheni kama hiyo hufunguka milango ya behewa la kwanza tu: wa nyuma wa behewa hilo (入口) kwa kupanda, wa mbele (出口) kwa kushuka, kando ya dereva. Aliyekaa behewa la pili na masanduku yake atabofya kitufe cha mlango bure, na treni itamchukua mpaka kituo kinachofuata, mahali ambapo ya kurudi inaweza kuwa baada ya saa mbili au zaidi. Sogea behewa la kwanza kituo kimoja kabla. Mlango haufunguki wenyewe, bofya kitufe. Ukiwa na pasi ya reli, mwonyeshe dereva, inatosha.

Kwenye stesheni yenye wahudumu milango yote hufunguka, na unalipa getini. Kama ulipanda na seiriken, usiitupe. Ndiyo ushahidi wa pekee wa ulikotoka.

Kuhusu kadi za kugusa kama Suica: tangu Machi 2013 aina kumi kuu za kadi hizo hupokelewa kila moja katika maeneo ya nyingine, na wengi wakachukulia kwamba zinafanya kazi nchi nzima. Sivyo. Mwezi Novemba 2024 kampuni tano za mabasi za mkoa wa Kumamoto, kusini mwa Japani, ziliacha kuzipokea kwa sababu kubadili vifaa kungegharimu karibu mara mbili ya kuweka vya kusoma kadi za benki. Kama basi lina kisoma kadi mlangoni, gusa unapopanda na unaposhuka, na karatasi huihitaji. Kama hakipo, chukua karatasi.

Kwenye reli kosa huwa zito zaidi. Ukigusa kadi kwenye geti la jijini kisha ukashukia stesheni iliyo nje ya eneo la kadi, dereva hana cha kuikatia nauli. Utalipa taslimu safari nzima, na kadi itabaki imefungwa mpaka mhudumu wa stesheni iliyo ndani ya eneo lake afute ile alama ya kuingia. Omba hati ya malipo kwa dereva ili umwonyeshe mhudumu huyo. Njia rahisi ni kununua tiketi ya karatasi tangu mwanzo hadi kituo unachokwenda, nayo utaitumbukiza kwenye sanduku lile lile unaposhuka.