Je, wajua kama tufani ni maji au ni upepo?

Neno tufani limetufikia kutoka Kiarabu, na huko kwao maana yake ni gharika: ndilo neno ambalo Kurani, katika sura ya Al-Ankabut, inalitumia kwa maji yaliyowachukua watu wa Nuhu baada ya yeye kukaa nao miaka 1,000 kasoro 50. Katika Kiajemi na Kiurdu, hata hivyo, neno hilo hilo hutajwa kwa upepo mkali, na Kiswahili kimeelekea upande huo. Maji ya Nuhu sisi huyaita gharika, ingawa wapo wasemao tufani ya Nuhu. Tufani yenyewe tumeiachia zaidi bahari.

Hata hivyo maji hayajatoka ndani ya neno. Mtu wa pwani akisema jahazi limepatwa na tufani, msikilizaji haoni upepo peke yake, bali huona mawimbi yanayopanda ubavuni, mvua inayopofusha, tanga likishushwa kwa haraka, na baharia aliyeinama ngamani akichota maji kwa ndoo huku mengine yakiingia. Bahari ikichafuka kidogo tu, wavuvi husema imechafuka, na hawaiiti tufani.

Neno linalochanganywa nayo mara nyingi ni kimbunga, na kwa maoni yangu inafaa tuyatenganishe. Kimbunga ni upepo unaozunguka. Kile cha baharini huzaliwa pale maji yanapofikia takriban nyuzijoto 26 au zaidi, hewa yenye unyevunyevu ikapanda juu, na ile inayokimbilia kuziba nafasi yake ikapindishwa na mzunguko wa dunia. Upande wetu wa kusini mwa ikweta huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Kwa kuwa karibu na ikweta nguvu hiyo ya kupindisha ni dhaifu, pwani ya Kenya na ya Tanzania hupigwa kwa nadra, wakati Msumbiji na Madagaska hupigwa mara kwa mara. Kwa hiyo kila kimbunga cha baharini huleta tufani, lakini tufani nyingi huja bila kimbunga. Na ule upepo mdogo wa bara unaozungusha vumbi na majani makavu uwanjani una majina yake, chamchela au kisulisuli, wala hauhitaji kupewa jina kubwa kuliko umbo lake.

Nadra si kamwe. Tarehe 15 Aprili 1872, wakati wa Seyyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja merikebu za Sultani na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo iliyoongoza kwa karafuu.

Katika mazungumzo ya kila siku tufani imetoka baharini pia: waumini huomba kuvushwa katika tufani za maisha. Lakini maana ya baharini ilirudi wazi mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia. Kimbunga chenyewe kilikuwa kimoja, chenye jina na njia yake kwenye ramani. Ilhali tufani yake ilienea mbali zaidi, hata boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa.