Mgombea akishindwa, anastahili makala Wikipedia?

Uchaguzi ukikaribia tu ukurasa wangu wa majadiliano unajaa. Mimi ni mhariri wa kujitolea Wikipedia ya Kiswahili, nimekaa sana upande wa wasifu wa wanasiasa, kwa hiyo msimu ukianza naujua: akaunti imefunguliwa jana, leo imeanzisha makala, picha ya suti ya studio, halafu "ni kijana mchapakazi, mpenda watu, anayegombea ubunge jimbo la..." na chanzo ni ukurasa wake mwenyewe wa Facebook. Makala inafutwa, saa moja haijaisha naulizwa, mbona mmemfuta mheshimiwa? Mmetumwa na wapinzani?

Hapana, hatujatumwa. Ila swali ni la haki kabisa na nataka nilijibu vizuri, maana hata sisi wahariri tunabishana sana juu ya hili.

Kigezo chetu tunakiita umaarufu, na neno lenyewe linapotosha kidogo, watu wanadhani ni kujulikana mtaani. Siyo. Tunachoangalia ni kama watu wasiohusika na wewe, magazeti, vitabu, watafiti, wamekaa chini wakaandika habari zako kwa kina, siyo kutaja jina lako kwenye orodha ya waliochukua fomu. Mbunge, seneta, gavana au waziri huwa hasumbuliwi sana na hilo, sababu ofisi yenyewe inaacha kumbukumbu, kuna Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, kuna matangazo ya serikali, hata kama alikaa kimya miaka mitano. Mgombea hana huo mlango. Hajakatazwa kuingia, lakini apite mlango wa watu wote, yaani alete vyanzo.

Fikiria Kenya 2022, majimbo 290, wadi 1,450, kaunti 47, na walioidhinishwa kugombea nafasi zote walikuwa zaidi ya 16,000. Kila mmoja apewe makala, nani atazilinda? Makala ya mtu aliye hai ni dhamana jamani. Usiku wa kuamkia kura mtu anaingia anaandika fulani aliiba, fulani ana kesi, na kwetu wahariri wanaoshinda pale kila siku ni wachache, uongo unaweza kukaa wiki nzima na ukanakiliwa kwingine kabla hatujauona. Mwanasiasa mkubwa makala yake ina macho mengi, ya mgombea wa wadi haina macho kabisa.

Kuna upande wa pili na una uzito. Mwaka 2020 kule Iowa, Marekani, Theresa Greenfield alishinda kura za mchujo za chama cha Democratic mwezi Juni akawa anapambana na seneta aliyepo, Joni Ernst. Kinyang'anyiro kile kilitazamwa nchi nzima, kampeni yake ilichangiwa zaidi ya dola milioni 28 kwa miezi mitatu tu, na bado kwa miezi kadhaa ukitafuta jina lake Wikipedia ya Kiingereza unapelekwa kwenye ukurasa wa uchaguzi wa Iowa, wakati Ernst ana makala yake ndefu. Mpiga kura anataka kuwalinganisha wawili, anamkuta mmoja. Greenfield alishindwa Novemba, ila mimi naamini wahariri wale walikosea, vyanzo vilikuwepo tele, wao wakawa wanasubiri kura ziwaamulie. Kusubiri matokeo ni uvivu, maana matokeo yanakwambia nani kashinda, hayakwambii nani ana historia ya kuandikwa.

Kwa hapa kwetu mfano ninaoupenda ni Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa Tanzania. Hakuwahi kushinda ubunge wala urais, 2005 aligombea urais kwa chama chake cha DP (Democratic Party) na hakufika hata asilimia moja. Kwa hesabu ya kura huyu si mtu wa kuandikwa. Lakini ndiye aliyekwenda mahakamani kudai Mtanzania aruhusiwe kugombea bila kudhaminiwa na chama, Mahakama Kuu ikampa ushindi 1994, Bunge likabadilisha katiba kuuzima ule ushindi, akarudi tena akashinda 2006, Mahakama ya Rufani ikaja kusema 2010 kwamba hilo ni suala la Bunge, hakukata tamaa, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha na Juni 2013 wakamwambia ana haki. Miaka ishirini! Wanafunzi wa sheria wanaisoma kesi yake, na wapo wabunge wengi waliokaa mihula mitatu bila kuacha kitu cha namna hiyo. Ukiandika katiba ya Tanzania bila Mtikila umeacha shimo.

Mwingine ni Anna Mghwira, mgombea urais wa ACT-Wazalendo 2015. Kati ya wagombea wanane mwanamke alikuwa yeye peke yake, akawa wa tatu, kura 98,763, haifiki asilimia moja. Wapo wanaosema makala yake ilistahili kuanzia 2017 alipoteuliwa mkuu wa mkoa wa Kilimanjaro. Mimi sikubali, 2015 ilitosha kabisa, alikuwa mwenyekiti wa chama kipya na vyombo vya habari vilimfuatilia yeye kama yeye. Tukishikilia lazima kwanza ushinde au uteuliwe, wanaoumia zaidi ni wanawake, sababu ndio wanaosimamishwa mara nyingi pale ambapo chama kinajua hakishindi.

Kwa hiyo nikiletewa mgombea siku hizi siulizi alipata kura ngapi. Naondoa chanzo chochote kilichotoka kwake au kwa chama, naondoa orodha za matokeo, halafu naangalia kilichobaki. Kikibaki cha kujaza aya tatu nne za maisha yake, siyo za kampeni tu, namwachia makala, hata iwe mbegu, yaani makala fupi ya kuanzia. Kikibaki sentensi mbili naziweka kwenye makala ya uchaguzi au ya jimbo, na jina lake nalifanyia elekezo, yaani mtu akilitafuta anapelekwa moja kwa moja kwenye ukurasa huo.

Juzi kati kijana mmoja alikuja kwa hasira, makala ya mjomba wake imefutwa. Tuliandikiana karibu wiki. Nikamwonyesha ukurasa wa jimbo lao, una sentensi moja tu, hakuna aliyewahi kuweka matokeo. Akaanza kutafuta, sasa kaweka jedwali la chaguzi tatu, walioshinda na walioshindwa wote wapo na kura zao, mjomba yupo mstari wa nne. Anasema 1995 na 2000 bado anazitafuta, mwenye magazeti ya miaka ile nyumbani naomba aniandikie nimuunganishe naye.