Chekapu ya meno ni kila baada ya miezi mingapi, na eksirei je?

Wengi wetu hapa Nairobi tunaenda kwa daktari wa meno jino likishatunyima usingizi, yaani umemeza dawa za maumivu zikashindwa, ukaweka karafuu ikashindwa, ndo unapanda matatu kwenda kung'olewa. Hiyo si chekapu. Chekapu unaenda wakati hakuna kinachouma, daktari anaangalia meno, fizi, ulimi na mashavu kwa ndani, akitafuta shimo likiwa bado dogo la kuzibwa.

Sasa ile "kila miezi sita" tumeisikia tangu shule ya msingi, lakini ushahidi wa kuilazimisha kwa kila mtu ni hafifu. Uingereza tangu 2004 mwongozo wao unasema mtu mzima anaweza kupangiwa popote kati ya miezi 3 na miaka 2, na aliye chini ya miaka 18 asipitishe mwaka. Anayepanga ni daktari, kulingana na mdomo wako. Kama meno yako hutoboka kila mara, fizi zinatoka damu ukipiga mswaki, una kisukari, unavuta sigara, au wewe ni wa muguka na soda usiku kucha, utaitwa mapema. Mwenye meno safi miaka nenda miaka rudi anaweza kukaa mwaka mzima na zaidi, na hajakosea. Mtoto aanze jino la kwanza likitoka, asipitishe mwaka mmoja.

Eksirei ndo inachanganya watu, maana kuna mahali unapigwa hata kabla hujafungua mdomo uangaliwe, ati ni sehemu ya pakeji. Mi naona hapo uulize: unatafuta nini? Picha inafaa kwa kile jicho halifiki, kama shimo katikati ya meno mawili yaliyobanana, usaha kwenye mzizi, mfupa unaoliwa na ugonjwa wa fizi, jino la mwisho lililolala ndani. Zile picha ndogo unazopigwa ukiwa umeuma kipande mdomoni, mapendekezo ya Marekani ya 2012 yalimpa mtu mzima asiye na matatizo miezi 24 hadi 36 kati ya picha na picha, na mwenye hatari ya kutoboka meno miezi 6 hadi 18. OPG, ile mashine inakuzunguka kichwa, ni ya sababu maalum kama kupanga braces au kutoa jino la akili, si ya kila ziara.

Mionzi yenyewe ni kidogo sana, picha moja ndogo ni kama ile unayopata kwa siku moja au mbili ukiishi tu duniani, kwa hivyo usiikatae kwa woga ikiwa inahitajika. Ukihama kliniki omba picha zako za zamani, siku hizi zinatumwa kwa simu, usilipie zingine bure. Na kama una mimba mwambie daktari mapema, si kwamba eksirei imekatazwa kabisa, ila zisizo za haraka huwa zinasubiri.