Duka limejaa, hisa je? Dhana potofu kuhusu kampuni za nguo

"Nilipita pale Jumamosi, foleni ya kulipia imefika mlangoni. Nitafutie hisa zao." Dalali wa hisa husikia maneno haya kila mwisho wa mwezi, siku nyingine yakiambatana na picha ya foleni yenyewe. Mizania, yaani hesabu ya mali na madeni ya kampuni, haiambatani kamwe. Basi tuanze na foleni.

Foleni ni habari ya saa moja katika duka moja. Haikuambii nguo zinauzwa kwa bei gani, ziliingia kwa bei gani, wala ngapi zimelala stoo. Tena foleni ndefu kuliko zote huwa za msimu wa punguzo, yaani pale kampuni inapouza kwa kuumia. Chukua shati moja, bei zote ukiondoa VAT. Limeingia dukani kwa shilingi 550, likabandikwa 1,000. Likiuzwa hivyo, faida ghafi ni 450. Likikatwa asilimia 30 linatoka kwa 700, na kinachobaki ni 150. Mteja amepunguziwa chini ya theluthi moja ya bei, kampuni imepoteza theluthi mbili ya faida yake ghafi. Ili irudishe zile 450 lazima iuze mashati matatu pale ilipokuwa ikiuza moja. Hiyo ndiyo foleni uliyoipiga picha. Mwenye jengo hakupunguza kodi ya pango kwa asilimia 30, na keshia hakupunguziwa mshahara.

Pacha wa dhana hii ni "mauzo yamepanda". Hakuna kitu rahisi kama kupandisha mauzo ya kampuni ya nguo: unafungua maduka mapya, basi. Tuseme kampuni ya mfano ina maduka 20, mauzo ya milioni 2,000, gharama ya bidhaa milioni 1,100. Faida ghafi ni milioni 900, yaani asilimia 45 ya mauzo. Kila duka hula milioni 35 za pango, mishahara na umeme, jumla milioni 700. Zinabaki 200. Mwaka unaofuata maduka ni 25, mauzo milioni 2,240, na gazeti linaandika "mauzo yapaa kwa asilimia 12". Gharama ya bidhaa sasa ni milioni 1,290, kwa hiyo faida ghafi ni 950, asilimia 42 na kidogo. Maduka 25 yanakula milioni 875. Zinabaki 75. Mauzo juu, faida chini kwa zaidi ya nusu. Wastani wa mauzo ya kila duka umetoka milioni 100 hadi 89.6, na hilo halikuandikwa popote kwenye kichwa cha habari. Ukisoma ripoti, tafuta mauzo ya maduka yale yale, yaliyokuwa wazi mwaka jana na mwaka huu pia. Kampuni isipoyataja, gawa mwenyewe mauzo kwa idadi ya maduka. Kampuni inayonyamazia takwimu hiyo mara chache huwa inaficha habari njema.

Bado hatujagusa mzigo, yaani bidhaa ambazo hazijauzwa, na kwa nguo mzigo ndio kila kitu. Mfuko wa sukari wa Machi utauzwa Septemba kwa bei ile ile au zaidi. Gauni la Machi likifika Septemba limeshachuja, hata kama halijatolewa kwenye nailoni. Kipimo ni hiki: chukua bidhaa ghalani kwenye mizania, gawa kwa gharama ya bidhaa zilizouzwa, zidisha kwa 365. Ukitumia mauzo badala ya gharama utapata siku chache za uongo, kwa sababu mauzo yana faida ndani yake. Kampuni yetu ya mfano ilikuwa na mzigo wa milioni 300 mwaka wa kwanza, takriban siku 100. Mwaka wa pili mzigo ni milioni 480, siku 136. Nguo zinakaa mwezi mzima na zaidi kabla ya kuuzwa kuliko zamani. Sheria za uhasibu zinataka mzigo uandikwe kwa gharama yake au kwa kile utakacholeta sokoni, ile iliyo ndogo. Anayekadiria "kile utakacholeta" ni menejimenti yenyewe, na menejimenti haina haraka. Siku mkaguzi atakaposema thamani ya mzigo ikatwe asilimia 20, milioni 96 zinatoka. Zile 75 za faida zinageuka hasara ya 21. Hakuna aliyeiba, wala foleni haikupungua.

Kwa hiyo nenda kwenye maelezo ya hesabu, si kwenye kurasa za picha za wanamitindo, uone kiasi kilichotengwa kwa mzigo uliopoteza thamani. Siku za mzigo zikiongezeka huku kiasi hicho kikipungua, funga ripoti. Kisha angalia fedha taslimu zilizoingia au kutoka kwenye shughuli za biashara: faida ikiwa chanya na fedha hizo zikiwa hasi, jua faida iko kwenye hanga.

Wanaodhani hili ni tatizo la vijiduka waikumbuke H&M ya Sweden. Mwanzoni mwa 2018 ilikuwa na nguo zisizouzwa zenye thamani ya takriban dola bilioni 4.3, na faida ya uendeshaji ya robo mwaka ile ilishuka kwa zaidi ya nusu, huku kampuni ikiendelea kufungua maduka. Madirisha yake yalikuwa yanang'aa kama kawaida.

Tahadhari moja kabla hujaanza kugawa namba. Tarehe ya kufunga mwaka wa fedha hubadilisha picha. Inditex, wenye Zara, hufunga 31 Januari, baada ya punguzo la sikukuu, stoo zikiwa zimepwaya. H&M hufunga 30 Novemba, stoo zikiwa zimejaa kwa ajili ya Krismasi. Kuzilinganisha siku za mzigo moja kwa moja ni sawa na kumpima uzito mmoja akiwa na njaa na mwingine akiwa ameshiba. Linganisha kampuni na yenyewe, mwezi ule ule wa mwaka uliopita. Robo hii na robo iliyopita pia haifai. Desemba na Machi hazifanani kwenye biashara hii.

Ukiona ni lazima uende dukani, nenda Jumanne ya katikati ya mwezi, mishahara ikiwa imekwisha. Usihesabu watu. Nenda kwenye rafu ya punguzo uangalie saizi. Zikiwa zimebaki ndogo kabisa na kubwa kabisa, nguo hiyo iliuzwa vizuri na yale ni makombo. Ukikuta saizi zote zimekamilika kwa punguzo la asilimia 40, aliyeagiza alikosea mtindo. Bandua pembeni ya kibandiko cha bei: vibandiko vitatu juu ya kimoja vina habari kuliko kurasa kumi za hotuba ya mwenyekiti.

Dhana nyingine potofu ziende haraka.

"Hisa ya shilingi 2 ni rahisi kuliko ya 200." Hapana. Bei ya hisa moja bila idadi ya hisa ni namba tupu. Julai 2014 Inditex iligawa kila hisa yake kuwa tano. Bei ikawa moja ya tano, na hakuna hata soksi moja iliyopungua thamani. Zidisha bei kwa idadi ya hisa zote, kisha uliza kama kampuni nzima ina thamani hiyo. Na P/E (bei ya hisa ukigawa kwa faida ya kila hisa) ya 4 si bei ya kutupa ikiwa ile faida ni ya mwaka jana na mzigo bado haujakatwa thamani.

"Haina mkopo wa benki, kwa hiyo haina deni." Mkataba wa pango wa miaka sita ni deni. Tangu 2019, IFRS 16, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa pango, inalazimisha mikataba mingi ya aina hiyo ionekane kwenye mizania, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kutoiona. Kiwango hicho pia kiliiondoa sehemu kubwa ya kodi ya pango kwenye gharama za uendeshaji, ikagawanywa kuwa uchakavu na riba. Anayekuonyesha EBITDA (faida kabla ya riba, kodi na uchakavu) ya 2019 iliyopaa kuliko ya 2018 anakuuzia mabadiliko ya uhasibu. Kipimo kizuri zaidi: faida kabla ya pango na riba, gawa kwa pango pamoja na riba. Chini ya 1.5 usiguse. Angalia pia sarafu ya mkataba: pango likiwa la dola na mzigo ukinunuliwa kwa dola, shilingi ikiteleza kampuni inabanwa pande mbili.

"Gawio ni zuri, nitanunua siku moja kabla daftari la wanahisa wa kulipwa halijafungwa." NSE, soko la hisa la Nairobi, hukamilisha miamala siku tatu za kazi baada ya kununua, kwa hiyo umechelewa. Hata ukiwahi, bei kwa kawaida hushuka kiasi kinachokaribia gawio, mkazi wa Kenya anakatwa asilimia 5 ya gawio kama kodi, na kamisheni inakungoja kwa kununua na kuuza.

"Majina yale makubwa hayawezi kuanguka." Jina ni la nani? Deacons, kampuni ya maduka ya nguo ya Kenya, iliorodheshwa NSE Agosti 2016 kwa bei ya kuanzia ya KSh 15. Sehemu ya biashara yake ilitegemea majina ya watu wengine, likiwemo Mr Price la Afrika Kusini. Mwaka 2018 Mr Price wenyewe waliyachukua maduka ya jina lao nchini Kenya. Novemba mwaka huo huo Deacons ikawekwa chini ya wasimamizi wa kampuni zilizoshindwa kulipa madeni na hisa zake zikasimamishwa kuuzwa. Kwenye hali hiyo benki yenye dhamana hulipwa mapema, wasambazaji na wenye majengo wanafuata, mwanahisa yuko mkiani. Anachobaki nacho ni akaunti ya CDS, ile ya kielektroniki ya kutunzia hisa, yenye hisa asizoweza kumuuzia mtu sokoni.