Kwa nini jino lililozibwa huoza tena ukingoni

Watu wanaorudi kwenye kliniki za meno hapa Nakuru na jino lililowahi kuzibwa huuliza: mbona limeoza tena? Mara nyingi resini yenyewe, ile dawa nyeupe, ingali nzima. Uozo umeanzia ukingoni, pale resini inapokutana na jino. Ukingo huo ndio unaowahangaisha wanakemia.

Resini nyingi za leo zina Bis-GMA, molekuli ambayo Rafael Bowen wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1962. Ni nzito kama asali, kwa hiyo huchanganywa na TEGDMA iliyo nyepesi, pamoja na chembe za kioo. Taa ya buluu ikimulika, molekuli hushikana na kusogeleana, na resini husinyaa kwa takriban asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wake. Inaposinyaa hujivuta kutoka kwenye ukuta wa jino. Mwanya ukifunguka, bakteria hupenya. Ndiyo maana daktari huweka resini ya kawaida kwa tabaka za milimita 2 hivi, akimulika kila moja. Usimharakishe.

Kuna adui mwingine, na huyu hafanyi haraka. Bis-GMA na TEGDMA zote mbili zina vifungo vya kikemia viitwavyo esta, na esta huvunjwa na maji. Vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia) vya mate, na vya bakteria kama Streptococcus mutans, huchochea uvunjaji huo, na ukingo hulika mwaka baada ya mwaka. Watafiti wengine wanatumia tioli, molekuli zenye salfa, kupunguza mvuto wa kusinyaa. Wengine wanajaribu akrilamidi, molekuli za kutengenezea resini zisizo na esta. Kwa maoni yangu njia hii ya pili ndiyo ya kutiliwa mkazo, kwani mate hayaondoki kinywani.

Nasi wa Bonde la Ufa tuna shida yetu. Miamba yetu ni ya volkeno, na visima vingi vina floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa maji hayo meno yakiwa bado yanaumbika, huota meno yenye madoa ya kahawia. Enameli, lile ganda gumu la nje, ya meno hayo hustahimili asidi ya fosforiki, ile inayopakwa ili resini ipate pa kushika. Mwambie daktari ulikulia wapi na ulikunywa maji gani. Anaweza kuisugua enameli kwanza au kuiacha asidi ikae zaidi. Na kila resini mpya inayokusudiwa kuuzwa kwetu ijaribiwe kwenye meno ya namna hii pia.